TUSOME TUELEWE: Karatasi za Safari ya Kisiwani



Mavuno yakiisha na mazao yakiuzwa, watu wa vijijini husafiri. Mmoja anakwenda kumwona binti yake aliyeolewa Unguja. Mwingine ana kijana wake anayefanya kazi hotelini Nungwi, naye amemwambia baba yake, njoo uone bahari. Mwingine hana ndugu kule, lakini amechoka na jembe na anataka siku tatu za kupumzika. Wapo wanaosema kwamba mapumziko ya kisiwani ni ya watalii wa Ulaya tu. Maneno hayo si ya kweli. Mkulima aliyelima tangu mvua za kwanza naye ana haki ya kupumzika, na visiwa vile ni vya nchi yake.

Lakini safari ya kisiwani si kama safari ya basi la kwenda mjini. Basi unaweza kulisimamisha barabarani kwa mkono. Meli haisimamishwi kwa mkono. Ukifika bandarini utaulizwa: Jina lako nani? Kitambulisho chako kiko wapi? Asiyekuwa na jibu anaweza kubaki gatini na mzigo wake, akiitazama meli inavyoondoka.

Kwa hiyo mwezi huu tutazungumza juu ya karatasi za safari. Tutazisoma pamoja, maana ninyi sasa mnajua kusoma. Mtu anayejua kusoma hapaswi kumpa mtu asiyemjua tiketi yake amsomee.

PASIPOTI YA NINI?

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni hili: Je, mtu wa bara anahitaji pasipoti kwenda Unguja au Pemba?

Jibu ni hapana. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964. Ni nchi moja. Wazee wanakumbuka kwamba zamani, hata baada ya Muungano, mtu wa bara aliyekwenda Zanzibar alitakiwa kuonyesha pasipoti. Sharti hilo liliondolewa. Siku hizi Mtanzania anakwenda Zanzibar kwa kitambulisho chake cha uraia. Basi mtu akikuambia bandarini kwamba bila pasipoti hupiti, na kwamba yeye anaweza kukusaidia kwa fedha kidogo, mtu huyo ni tapeli. Mwache, nenda dirishani.

Hata hivyo, ukishuka bandari ya Malindi kule Unguja utawaona maafisa wa Uhamiaji. Usishtuke. Kazi yao ni kuwakagua wageni kutoka nchi za nje. Wakikuuliza, waonyeshe kitambulisho chako, useme unatoka mkoa gani na unakwenda kwa nani.

Ninyi mnaoishi karibu na mipaka, hapa muwe waangalifu. Huenda umeoa mke kutoka Burundi, au mume wako ni raia wa Kenya. Mmeishi pamoja kijijini miaka mingi, mnalima shamba moja, na watu wote wanamwita shemeji. Lakini kama hajapata uraia wa Tanzania, yeye bado ni raia wa nchi nyingine, naye anahitaji pasipoti au hati ya kusafiria ya nchi yake, pamoja na kibali cha kuishi hapa. Ndoa peke yake si kitambulisho. Nendeni ofisi ya Uhamiaji ya wilaya mkaulize kabla ya safari, wala si siku ya safari.

Mtalii kutoka nje ana mambo mengine ya kulipia. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni wa kigeni anayetembelea Zanzibar lazima alipie bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44. Mtanzania haimhusu. Tunalitaja kwa sababu wapo walaghai wanaoweza kulitumia kuwatoza wananchi.

KITAMBULISHO GANI?

Kitambulisho kilicho bora kuliko vyote ni Kitambulisho cha Taifa, ambacho watu wengi wanakiita NIDA. Hilo ni jina la mamlaka inayokitoa. Kina picha yako, jina lako na namba yako. Kinatolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 18.

Chukua kitambulisho chako, kama unacho, tukisome. Tazama namba. Ni ndefu, ina tarakimu 20. Usiogope urefu wake. Tarakimu 8 za kwanza ni tarehe yako ya kuzaliwa, zimeandikwa kuanzia mwaka. Kwa mfano, ukiona 19780412, soma hivi: 1978 ni mwaka, 04 ni mwezi wa nne, 12 ni siku. Mtu huyo alizaliwa tarehe 12 Aprili 1978. Sasa soma yako. Je, ni kweli ulizaliwa siku hiyo? Kama si kweli, kosa hilo lirekebishwe sasa katika ofisi ya NIDA ya wilaya, ukiwa na ushahidi wako. Usingoje mpaka siku ya safari au siku ya kudai haki yako.

Baadhi ya kadi za mwanzo zilichapwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Wengine wakiiona tarehe hiyo imepita huificha kadi sandukuni kama fedha ya zamani. Msifanye hivyo. Mwaka 2023 serikali iliondoa ukomo huo. Kadi yako bado ni kadi.

Wengi wenu mna namba ya NIDA lakini hamna kadi. Mliipata mlipokwenda kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Namba hiyo ni mali, iandike mahali pa usalama. Lakini namba haina sura. Karani wa bandari akitazama namba tupu hawezi kujua kama wewe ndiye mwenyewe. Kwa hiyo pamoja na namba, chukua kitu chenye picha: kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva kama unayo na haijaisha muda, au pasipoti ikiwa uliwahi kuichukua. Mwanafunzi achukue kitambulisho cha shule au chuo chake.

Na asiyekuwa na kitu chochote? Huyo aende kwa mtendaji wa kijiji akaombe barua ya utambulisho. Barua iwe na jina kamili, jina la kijiji, kata na wilaya, picha ndogo iliyobandikwa, sahihi ya mtendaji, na mhuri. Mhuri uguse ukingo wa picha, ili picha isiweze kubanduliwa ikawekwa nyingine. Isome barua mwenyewe kabla hujatoka ofisini. Kisha mpigie simu ndugu yako aliye Dar es Salaam aende akaulize katika ofisi ya meli kama watakubali barua hiyo. Usiifanye barua kuwa tegemeo la kila safari. Hiyo ni fimbo ya kuazima tu.

Kupata Kitambulisho cha Taifa kwa mara ya kwanza hakulipiwi. Unajaza fomu, unaambatisha ushahidi kama cheti cha kuzaliwa au cheti cha kumaliza shule ya msingi, mtendaji anagonga mhuri, kisha unapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Ukikipoteza ukataka kingine, hapo ndipo unalipa. Mtumishi akikudai fedha kwa ajili ya fomu ya mara ya kwanza, mwombe stakabadhi ya serikali. Mara nyingi neno hilo moja, stakabadhi, linatosha kumkumbusha kazi yake. Lisipotosha, namba ya TAKUKURU ni 113, na kupiga ni bure.

JINA MOJA, HERUFI ZILE ZILE

Hapa ndipo watu wengi wanapata taabu, kwa hiyo tukae kidogo.

Mtu anaitwa Yohana. Kwenye cheti cha ubatizo ameandikwa Johannes. Kwenye kadi ya mpiga kura ni Yohana. Kwenye kitambulisho cha taifa karani aliandika Yohane. Mama mmoja ni Mwanaidi, pengine ameandikwa Mwana Idi, pengine Mwanaid. Kijijini watu hawa wanajulikana, hakuna mwenye shida nao. Bandarini hawajulikani. Kule mtu ni herufi zake.

Zamani, kabla ya kisomo, mtu alikuwa anasema jina lake kwa mdomo na karani anaandika alivyosikia. Mwenye jina hakuweza kusahihisha kwa sababu hakuweza kuona kosa. Leo unaweza. Basi usikubali tena kuandikiwa jina kwa kusikia. Mpe karani kitambulisho, aandike kwa kutazama. Kisha chukua tiketi, uiweke kando ya kitambulisho, weka kidole chini ya kila herufi, linganisha. Yohane na Yohane? Vema. Usione haya kwa sababu watu nyuma yako wanapanga foleni. Watangoja. Kusahihisha tiketi wakati karani bado yuko mbele yako ni kazi ya dakika moja. Kuisahihisha mlangoni mwa meli, filimbi ikilia, ni kazi nyingine.

Mwanamke aliyeolewa naye aangalie jambo hili. Kama kitambulisho kina jina la baba yako, tiketi nayo iwe na jina la baba yako, hata kama mtaa mzima unakuita kwa jina la mume wako.

KWA NINI WANATAKA MAJINA?

Wapo wanaonung'unika kwamba mambo haya yote ni usumbufu wa watu wa ofisini. Tungependa wasome habari zifuatazo polepole.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa. Wale wa daraja la tatu, yaani watu wa bei nafuu, wakulima na wachuuzi, hawakuwa na orodha ya majina. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Mwanzoni ilielezwa kwamba waliokufa ni watu kama mia mbili. Miezi michache baadaye taarifa ya serikali ilieleza kwamba ndani ya meli kulikuwa na watu zaidi ya 2,000, na zaidi ya 1,300 hawakuonekana tena. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Kilijengwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 220.

Sasa fikiri. Mama yuko Pemba anamngoja mwanawe. Redio inasema meli imezama. Mama anakwenda bandarini kuuliza: Mwanangu alikuwamo? Kama jina la mwanawe liko kwenye orodha, au haliko, mama anapata jibu. Kama hakuna orodha, hapati jibu siku hiyo, wala mwaka huo. Hajui aomboleze au aendelee kungoja. Hata mirathi, hata fidia, vinakwama, kwa sababu hakuna karatasi inayosema mtu huyu alipanda meli hii.

Kwa hiyo msipande kwa tiketi ya mtu mwingine. Jambo hili linatokea. Mtu amenunua tiketi, akapata udhuru, akamuuzia rafiki yake kwa bei ya chini. Rafiki anafurahi kwamba ameokoa shilingi elfu kadhaa. Likitokea la kutokea, jina litakalosomwa ni la mtu aliye nyumbani kwake anakula ugali, na aliyezama hana jina. Kama una udhuru, rudi ofisini ukabadilishiwe tarehe. Kama unataka kusafiri, nunua tiketi yako kwa jina lako.

Na mtoto je? Mtoto mchanga hana kiti, amebebwa mgongoni, lakini ana roho. Hakikisha ameandikwa. Usimfiche chini ya kitenge ili asihesabiwe. Jaketi la kujiokolea linawekwa melini kufuatana na hesabu ya watu.

TIKETI NA SAA YA KIZUNGU

Kwa safari ya Unguja kutoka Dar es Salaam, ofisi za boti za abiria ziko ufukoni, karibu na Kanisa la Mtakatifu Yosefu lenye mnara mrefu. Ukiuona mnara huo umefika. Kabla hujafika dirishani utakutana na vijana wanaokimbilia mizigo na kusema wao ndio wakata tiketi. Huenda mmoja katika kumi ni mtu mwema. Hatuna njia ya kumjua. Tiketi inauzwa dirishani, na dirisha lina maandishi. Yasome, kisha uingie. Ukiwa na kitambulisho utalipa nauli ya Mtanzania, ambayo ni ndogo kuliko ya mgeni wa kigeni. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokisahau.

Tiketi nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Hilo lisikutishe. Jina lako halina Kiingereza, na tarakimu hazina Kiingereza. Tafuta mambo matatu tu: jina, tarehe na saa.

Tarehe huanza na siku, halafu mwezi, halafu mwaka. 03/07 ni tarehe 3 mwezi wa saba.

Saa ndiyo yenye mtego. Mtu anasoma 07:00, anasema, aa, saa saba, basi nina nafasi ya kunywa chai na kula chakula cha mchana. Anafika saa sita mchana akiwa amejiwahi. Meli yake imeondoka alfajiri watu wakiwa wanapiga mswaki. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya kizungu, inayoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Ili kupata saa yetu, ondoa 6. Saba ukiondoa sita inabaki moja. Kwa hiyo 07:00 ni saa moja asubuhi.

Jaribu hizi. 09:30 ni saa ngapi? Tisa ukiondoa sita ni tatu. Basi ni saa tatu na nusu asubuhi. 12:30 je? Kumi na mbili ukiondoa sita ni sita. Ni saa sita na nusu mchana. 16:00 je? Kumi na sita ukiondoa sita ni kumi. Ni saa kumi jioni. Kama ukiondoa 6 unapata namba kubwa kuliko 12, ondoa 12 tena: 19:00 inakuwa 13, kisha 1, yaani saa moja usiku. Wafundisheni na wengine darasani. Hesabu hii itawafaa hata hospitalini na benki.

Na saa hiyo ni saa ya kuondoka. Ya kufika bandarini ni mapema kuliko hapo, angalau saa moja, maana kuna kupimwa mzigo na kukaguliwa.

WATOTO

Mtoto wa chini ya miaka 18 hana Kitambulisho cha Taifa. Kitambulisho chake ni cheti cha kuzaliwa. Sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Wazazi wengi wanapata tangazo la kizazi kituo cha afya, wanalikunja, wanaliweka, wanadhani ndicho cheti. Sicho. Tangazo linakupeleka kwenye cheti. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, mikoa mingi sasa inaandikisha katika vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti hicho cha kwanza ni bure. Mchanganyiko wa mtoto na wino wa mhuri haugharimu kitu, ila miguu yako.

Kama mtoto anasafiri na shangazi, babu au jirani, mzazi aandike barua. Iseme: Mimi fulani, mzazi wa mtoto fulani, nimemruhusu asafiri na fulani kwenda mahali fulani, kuanzia tarehe hii mpaka tarehe hii. Weka namba ya simu na sahihi, na mtendaji agonge mhuri. Polisi na maafisa wa bandari wana haki kabisa ya kumuuliza mtu mzima anayevuka bahari na mtoto asiye wake. Wapo wasichana wanaochukuliwa vijijini kwa ahadi ya kusoma, wakafika mjini wakawa wafanyakazi wa ndani bila mshahara. Afisa anayeuliza maswali anamlinda binti yako. Mshukuruni, hata kama anawachelewesha.

VISIWA VINGINE

Kisiwani si Unguja peke yake. Pemba unaweza kwenda kwa kupitia Unguja, na ziko pia safari za kutoka Tanga. Karatasi ni zile zile.

Mafia iko chini ya Mkoa wa Pwani. Vyombo vinaondoka Nyamisati vinafika Kilindoni. Ukienda Mafia hukutani na ukaguzi kama ule wa Malindi, lakini kitambulisho kichukue, na jina lako liandikwe. Ukerewe na Ukara vilevile. Watu wa visiwa vya ziwani wamezoea vivuko kama sisi tulivyozoea baiskeli, na mazoea ndiyo yanayowafanya wengine waruke ndani bila tiketi kamba ikiwa inafunguliwa. Mwaka 2018 si zamani.

Komoro ni jambo jingine. Komoro ni nchi nyingine, ingawa watu wake wengi wana ndugu Unguja na Dar es Salaam. Kwenda huko lazima uwe na pasipoti. Pasipoti mpya ya kielektroniki ilianza kutolewa mwaka 2018. Ada yake ni shilingi 150,000 na inatumika miaka kumi. Inaombwa Uhamiaji. Wanaokwenda kwa majahazi usiku bila hati wanajihatarisha mara mbili, mbele ya bahari na mbele ya sheria.

UKIFIKA

Mwenyeji wako akupeleke kwa sheha. Sheha kule Zanzibar ni kiongozi wa shehia, kama vile mwenyekiti na mtendaji wetu wa kijiji, naye anapaswa kuwajua wageni walio katika eneo lake. Nenda umsalimie, umwonyeshe kitambulisho, umweleze utakaa siku ngapi. Ni adabu, na pia ni ulinzi wako. Kukitokea ugomvi au wizi mtaani, sheha atasema, huyu namjua, ni mgeni wa fulani. Utawasikia wenyeji wakitaja kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Hicho ni cha wakaazi wa huko. Wewe mgeni wa wiki moja hukihitaji, na asikuuzie mtu.

Katika mzigo wako usiweke mifuko ya plastiki. Zanzibar iliipiga marufuku tangu mwaka 2006, na bara kuanzia Juni 2019. Beba kikapu cha ukili. Wakati wa kurudi usibebe karafuu za biashara. Ununuzi wa karafuu uko chini ya Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, na kusafirisha bila kibali ni magendo. Rafiki akikuomba umbebee kifurushi kilichofungwa, mwambie akifungue kwanza. Akikataa, nawe kataa.

Kabla ya kuondoka nyumbani toa nakala mbili za kitambulisho chako. Moja mwachie mkeo au mumeo, pamoja na karatasi yenye jina la meli na tarehe ya safari. Nyingine iweke mbali na kadi yenyewe: kadi mfukoni, nakala ndani ya begi. Vyote viwe ndani ya kitu kisichopitisha maji, maana maji ya chumvi hayana huruma na karatasi. Kadi ikipotea ukiwa kisiwani, nenda kituo cha polisi cha karibu siku hiyo hiyo na nakala yako, uandikishe taarifa ya kupotelewa. Karatasi utakayopewa na polisi, pamoja na nakala, ndizo utakazoonyesha ofisi ya meli wakati wa kurudi. Ukifika nyumbani, karatasi hiyo ya polisi usiitupe. NIDA wataitaka utakapoomba kadi nyingine.

Mwezi ujao tutasoma pamoja hati ya malipo ya chama cha ushirika: uzito, makato na fedha unayopaswa kupokea mkononi. Njooni na hati zenu za msimu uliopita.